Tupeane uzoefu: sauti na mwanga vikitusumbua, wewe hutatua vipi?

Mwl_Kondele
Wadau, wikendi kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani hapa Kisumu. Waliokaa nyuma walisikia kila neno mara mbili, lawama zote zikaenda kwa maiki. Maiki haina hatia. Spika za mbele na za nyuma ziliachana karibu mita 60. Umeme kwenye waya hufika spika ya nyuma papo hapo, ila sauti ya mbele lazima ipite hewani, na kwa joto la nyuzi 28 inakwenda mita 348 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo anayekaa karibu na spika ya nyuma anaisikia hiyo kwanza, kisha ya mbele inamfikia sekunde 0.17 baadaye. Maneno yakipishana zaidi ya sekunde 0.05 huanza kuchafuka. Mafundi, walimu, wavuvi: mwageni mnayoyajua. Ni wapi hesabu ya darasani husaidia, na ni wapi huangusha mtu?

FundiSpika_Bondo
Dawa ni dilei, yaani kuchelewesha sauti kwa makusudi, na iwekwe kwenye spika za nyuma PEKE YAKE. Wengi huiweka kwenye njia kuu ya miksa, halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika.

Pima kwa tepu kutoka spika ya mbele hadi ya nyuma. Zidisha mita kwa 2.9, upate milisekunde. Mita 60 ni 174. Ongeza 10 hadi 15 juu yake ili sauti ya mbele ifike kwanza kidogo. Sikio hufuata iliyotangulia, na watu wataona kana kwamba mhubiri anaongea kutoka jukwaani, si kutoka kwa nguzo iliyo kando yao. Kisha teremsha sauti ya nyuma. Kazi yake ni kusaidia, si kushindana. Kujaribu: mtu agonge vijiti viwili mbele ya maiki, wewe simama mita tano mbele ya spika ya nyuma. Ukisikia "ta-ta" bado. Ukisikia "ta" moja, nenda ukanywe chai.

Angalia pia kipimo cha mashine. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa kwa futi. Ukiandika 60 ukidhani ni mita, umeweka dilei ya mita 18 tu.

JaDunga
Kweli kabisa. Na huko nyuma ndiko wazee wetu hukaa.

Section58
Mnaongea kama Kenya nzima ni Kisumu. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, sauti inakwenda polepole, hizo 2.9 zenu hazitufai.

Mwl_Kondele
La, ndugu. Ukipanda mlima kanieneo ya hewa inapungua na uzito wake unapungua pamoja nayo, kwa hiyo kwa upande wa kasi ya sauti vinafutana. Kinachobaki ni joto. Chukua 331, ongeza 0.6 mara nyuzi za joto. Nakuru jioni nyuzi 15: mita 340. Kisumu mchana nyuzi 30: mita 349. Kwa mita 60 tofauti ni milisekunde nne na ushee, hakuna sikio litakalolalamika.

Section58
Kwa hivyo Nakuru inakwenda polepole. Si ndivyo nilivyosema?

Mwl_Kondele
Jibu sawa, sababu mbaya. Kwenye mtihani hiyo ni alama moja kati ya mbili.

BintiMenengai
Mwalimu, vitabu vinasema mwangwi unahitaji sekunde 0.1, ndiyo maana wanaandika ukuta uwe mita 17 au zaidi. Wewe umesema 0.05. Tufuate nani?

Mwl_Kondele
0.1 ni ya kusikia mwangwi uliojitenga wazi, na ndiyo ya kuandika kwa karatasi. 0.05 ni pale maneno yanapoanza kukosa uwazi hata kama hujasikia mwangwi wenyewe.

BintiMenengai
Sawa. Kwa walimu wanaotaka kupima kasi ya sauti bila vifaa: msiende ukingo wa Menengai. Ukuta wa ng'ambo uko kilomita kadhaa, sauti ikirudi imeshachoka. Tafuta ukuta mrefu wa shule, mbele yake pawe wazi, usimame mita 60 kamili. Piga makofi, kisha rekebisha mwendo hadi kila kofi lifunike mwangwi wa kofi lililotangulia. Hapo mwenzako aanze saa, akihesabu "sifuri, moja, mbili..." hadi ishirini. Kwa nyuzi 20 utapata karibu sekunde 7.0. Umbali ni 20 × 120 = mita 2,400. Gawanya: 343.

Makosa ni mawili tu, na kila moja lina sura yake. Ukipata 171, umesahau kwamba sauti imeenda na kurudi. Ukipata karibu 361, mmeanza kuhesabu kwa "moja" badala ya "sifuri", kwa hiyo mmepima nafasi 19 mkadhani ni 20.

Labteki_Nax
Hiyo ya 361 huja kila mwaka 😂

KakamegaMvua
Acheni makofi. Hebu piga picha hii, maana huku kwetu msimu wa mvua haikosi.

Mazishi, saa tisa alasiri. Hema la nguzo za chuma, jenereta nyuma ya nyumba, maiki ya waya, watu mia tatu. Wingu jeusi limetanda. Mwako. Mtu anahesabu: moja, mbili... hadi kumi na tano, ngurumo. Gawanya kwa tatu, kilomita tano. Mwongoza shughuli anasema "tuna dakika chache, tuendelee". Mwako wa pili: sekunde tisa. Kilomita tatu. Wa tatu: sekunde tatu, na ngurumo haivumi tena, inapasuka kama mbao inayovunjwa. Kilomita moja! Na huyu bado ameshika chuma kilichofungwa kwa waya wa mita thelathini hadi kwenye jenereta.

Sikilizeni. Radi ya pili haina adabu ya kufuata foleni. Inaweza kuruka kilomita kadhaa kutoka mahali ya kwanza ilipopiga. Kanuni: sekunde zikiwa 30 au chini, yaani kilomita 10, zima mitambo, chomoa waya, watu waingie nyumba ya kudumu au magari ya bodi ya chuma. Hema si nyumba. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya MWISHO, si ya kwanza.

Ile kuvuma kwa muda mrefu nayo ina hesabu. Njia ya radi yaweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa. Kipande cha karibu kiwe kilomita 1, cha mbali kilomita 6: sauti ya kwanza inakufikia baada ya sekunde 3, ya mwisho baada ya 17 hivi. Mwako ulikuwa mmoja, ila masikio yanapokea vipande vyake kwa zamu. Mpasuko mfupi maana yake iko karibu.

NyarAhero
Uwiii. Na ile ya kutovaa nguo nyekundu?

Labteki_Nax
Wekundu ni mwanga wa urefu wa wimbi kama nanomita 650. Radi haiangalii rangi, inatafuta kilichoinuka na kinachopitisha umeme.

NyarAhero
Mimi nyekundu sivai. Kuvua haigharimu kitu.

Section58
Viatu vya mpira je? Si mpira huzuia umeme.

KakamegaMvua
Radi imepasua kilomita za hewa, na hewa pia huzuia umeme. Itashindwa na sentimita moja ya slipas?

JaDunga
Na ng'ombe kufa wakiwa wamepangana chini ya mti, ni hiyo hiyo?

KakamegaMvua
Umeme ukiingia ardhini husambaa. Miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe iko mbali, volti zinatofautiana, mkondo unapita mwilini, na moyo uko katikati ya njia. Mtu akinaswa wazi aweke miguu pamoja. Kulala chini ndilo kosa kubwa.

FundiSpika_Bondo
Turudi kwa spika kabla hatujaogopeshana. Besi ikipotea katikati ya hema lakini pembeni iko, msikimbilie kitufe.

DJ_Bahati
Besi ikipotea ongeza besi, fundi. Usituzungushe.

FundiSpika_Bondo
Ukiongeza utachoma woofa (spika ya besi), na katikati patabaki kimya. Spika moja imefungwa waya kinyume. Koni ya kushoto ikisukuma hewa, ya kulia inavuta, na katikati, ambapo umbali ni sawa, mawimbi yanafutana. Besi ndiyo huumia zaidi kwa sababu wimbi la hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 5.8, kwa hiyo eneo zima la katikati linakuwa kwenye pengo moja. Mlio wa hezi 4,000 una sentimita 8.7 tu, ukigeuza kichwa umeshatoka pengoni, husikii tofauti.

Chukua betri ya volti 1.5. Chomoa spika kutoka kwa amplifaya, gusisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa muda mfupi tu. Koni itoke nje. Ile inayoingia ndani ndiyo iliyogeuzwa, mara nyingi ndani ya plagi ya waya. Usijaribu kwa twita (spika ndogo ya milio ya juu), wala kwa betri ya gari.

DJ_Bahati
Sawa. Lakini kuna siku kuongeza besi kumesaidia.

FundiSpika_Bondo
Kulisaidia muuza woofa.

JaDunga
Upande wa ziwa. Usiku ule mwako unaouona mbali juu ya maji bila ngurumo si "radi ya joto". Ni mvua ya kawaida iliyo mbali, na ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 20 hivi. Lakini ngoma za ng'ambo utazisikia, maana hewa iliyogusa maji imepoa kuliko ya juu, na sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotelea juu. Mchana ardhi ikiwaka inapinda kwenda juu, wanaopiga kelele ng'ambo huwasikii. Kwa hivyo siri zenu msizisemee mtumbwini usiku.

Na samaki: akiwa kwenye kina cha mita moja nawe ukitazama wima, macho yanakupa sentimita 75. Gawanya kina kwa 1.33. Ukitazama kwa mshazari, lenga chini ya unapomwona.

Labteki_Nax
Kwa wanaoandaa bomba la rezonansi, lile la kupimia kasi ya sauti kwa mvumo wa hewa iliyo ndani yake. Uma wa sauti (chuma cha meno mawili kinachotoa mlio mmoja) wa hezi 512, bomba lenye upana wa ndani wa sentimita 3, maji yenye kina. Kwa nyuzi 25, sauti inavimba mara ya kwanza hewa ikiwa sentimita 16.0, ya pili 49.8. Toa: 33.8, hiyo ni nusu ya wimbi. Zidisha kwa mbili, kisha kwa 512: mita 346. Anayetumia kipimo cha kwanza peke yake kwa kuzidisha mara nne hupata 328, kwa sababu wimbi huanzia nje kidogo ya mdomo wa bomba, kama 0.3 ya upana, hapa sentimita 0.9.

Bomba likiwa fupi, tumia uma kadhaa tofauti, chora urefu dhidi ya 1/f, f ikiwa hezi za uma. Mteremko mara nne ni kasi, na mstari utakata chini ya sifuri kwa ile sentimita 0.9. Uma gongeni kwa kisigino cha mpira, si ukingo wa meza. Meza huzaa milio mingine ya juu, na uma hupinda. Ushikeni ubapa wake ukielekea mdomo wa bomba. Ukiuzungusha kwa mshazari sauti inazimika, wanafunzi wanadhani bomba limeharibika.

NyarAhero
Upinde wa mvua huku Ahero ni jioni tu, upande wa milima ya Nandi. Kwa nini hauji saa sita?

Mwl_Kondele
Hutokea upande wa pili wa jua, kwa nyuzi 42 kutoka kivuli cha kichwa chako. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 upinde wote uko chini ya upeo. Hapa ikweta hiyo ni kuanzia saa tatu na nusu hivi hadi karibu saa kumi jioni.

BintiMenengai
Mwanga bila vifaa je? Nina leza nyekundu na CD.

Labteki_Nax
Toboa kadi, pitisha leza kwenye tundu, CD iwe sentimita 50 mbele, sambamba na kadi. Mistari ya CD imeachana mikromita 1.6. Kwa nanomita 650 nukta za kwanza zitarudi kwenye kadi sentimita 22 hivi kila upande wa tundu. Anayetazama akae nyuma ya leza, na macho yasiwe usawa wa CD kamwe.

BintiMenengai
Nimejaribu kwa DVD, sioni kitu.

Labteki_Nax
DVD ni mikromita 0.74. Nukta ziko nyuzi 61, sentimita 92 kutoka katikati, zimeshapita kadi yako. Isogeze DVD iwe sentimita 10, utazipata kwa 18.