Mbwa wangu anamsikiliza dada wa kazi, mimi ananiogopa. Nianzie wapi?

Mkazi wa Goba
Wadau habari za leo, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na mbwa. Nina dume la German Shepherd anaitwa Bruno, ana miezi kumi sasa, nlimchukua akiwa na miezi mitatu. Nia yangu ilikuwa nimfundishe awe mlinzi wa maana, sio wa kubweka tu usiku kucha, ila mpaka leo hata nikimwita haji. Mchana anakaa kwenye mnyororo karibu na geti, saa nne usiku namfungulia, asubuhi kabla sijaenda kazini namrudisha. Chakula anapewa na dada, ugali na dagaa au vichwa vya samaki.

Kinachoniuma ni hiki, dada akitoka tu na sufuria Bruno anatikisa mkia mpaka kiuno chote kinacheza, akimwambia kaa anakaa, na dada hajawahi kumfundisha chochote. Mimi nikimwita analala chini, masikio kayalaza nyuma, mara nyingi anajikojolea palepale. Nakiri nlishamchapa fimbo mara kadhaa, siku moja alitafuna kiatu cha mgeni nikamwita, akasogea taratibu, nikamchapa nacho kilekile. Kuna mtu kaniambia mbwa wa umri huo hafundishiki tena, niuze nichukue mdogo. Sitaki kumuuza jamani. Nifanyeje?

Baba T wa Arusha
Usimuuze mkuu, huyo mbwa hana ukaidi wowote, ana hofu na wewe. Kule kujikojolea ni namna yake ya kukuomba usimdhuru, na ukimgombeza kwa hilo ndo anazidi. Halafu angalia ile siku ya kiatu, ulimwita, akaja, ukampiga. Kiatu alishakisahau kitambo, alichobaki nacho kichwani ni kwamba akiitwa na wewe akasogea anaumia. Kwahiyo neno unalomwitia lishaharibika, liache kabisa, tafuta jingine, hata filimbi ya mdomo.

Mimi nimeshika mbwa wa ulinzi miaka sita kwenye kampuni binafsi. Tulikuwa tukikabidhiwa mbwa mpya haturuhusiwi kumpa amri hata moja mwanzoni, kazi ni kumlisha, kumpiga brashi, kumtoa kupe na kutembea naye basi, mpaka ukiingia bandani anakuja mwenyewe. Hata hapa Usa River ambako AWF, lile shirika la kuhifadhi wanyamapori Afrika, wanafundisha mbwa wa kunusa meno ya tembo, mbwa na askari wake wanafundishwa pamoja, maana yule mbwa akifika kazini anafanya kazi na mtu anayemjua na kumwamini.

Sasa wewe fanya hivi. Kuanzia kesho bakuli lishike wewe, asubuhi na jioni, dada apumzike kidogo. Chemsha maini au mapupu bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), kata vipande vidogo kama punje ya harage. Jioni ukitoka kazini chukua kigoda, kaa mbali kidogo na mnyororo unapofika, kaa ubavu usimtazame usoni, mrushie kipande kimoja kimoja. Usimwite, usinyooshe mkono juu ya kichwa chake. Utaona mwanzoni anavuta shingo tu kuchukua nyama huku miguu ya nyuma imebaki tayari kukimbia, mwache hivyohivyo. Siku miguu ya nyuma nayo ikisogea ndo ujue kuna kitu kimebadilika. Hapo sogeza kigoda. Akikubali kula mkononi mkune kifuani au chini ya shingo, dakika moja, acha, muone kama anarudi mwenyewe kuomba tena.

Na ule mnyororo mchana kutwa uutafutie mbadala, hata banda la wavu lenye kivuli na maji. Mbwa hawezi kukuzoea ukiwa unamuona dakika mbili za kumfunga na dakika mbili za kumfungua.

Mzee wa Geti
Mimi napingana kidogo, mbwa wa ulinzi ukimzoea sana anakuwa laini, anacheza na kila mtu. Wa kwetu hakuguswa na yeyote na wezi walimwogopa.

Baba T wa Arusha
Mzee wangu nakuheshimu ila hapo hapana. Mbwa asiyeguswa na yeyote haogopwi na wezi peke yao, hata mtoto wa jirani akifuata mpira anang'atwa, na kumpeleka chanjo ya kichaa inakuwa vita maana hashikiki. Mbwa aliyekuzoea wewe hamzoei kila mtu, tena anakusikiliza ukimwambia acha, na huyo ndo mlinzi.

Mama Moro
Naongezea kidogo, sisi wa Morogoro tumewaona wale panya buku wa shirika la APOPO pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya huyo hana aliyemchapa. Wakiwa wadogo wanazoeshwa kwanza watu na sauti, baadae ndo wanafundishwa kwamba wakisikia mlio wa "klik" kuna ndizi inakuja, mafunzo yote yanachukua kama miezi tisa. Na wewe ukifika kwenye kumfundisha kaa na njoo tumia neno moja fupi, mfano "safi!", akipatia sema palepale kisha nyama. Dakika tano zinatosha, acha akiwa bado anataka.

Binti wa Tanga
Samahani na mimi nichangie maana wengine tunaishi na hili. Sisi Waislamu, baba ana mbwa watatu shambani wa kufukuza nguruwe na ngedere, mate yao kwetu ni najisi lakini hao mbwa wanampenda baba hatari. Ana kanzu kuukuu ya shamba tu, chakula anawarushia, hawamlambi kwa sababu alishawazoesha kukaa kwanza ndo wale, na muda wote anaongea nao kwa sauti ya chini wakizunguka mpaka wa shamba. Akipiga mluzi mmoja wote wanarudi. Kwahiyo hata asiyependa kulambwa asikate tamaa, sauti na muda wako vinafanya kazi kubwa.

Mkazi wa Goba
Wadau narudi, leo wiki ya tatu. Siku nne za kwanza Bruno hakusogea kabisa, alikuwa anasubiri niingie ndani ndo anakula vile vipande, nikakaribia kukata tamaa kwakweli. Siku ya tano akala nikiwepo. Fundi kanijengea banda la wavu pembeni ya mwembe, mnyororo nimeutoa. Sijashika fimbo tena, na nimeanza kumtembeza saa kumi na moja alfajiri kabla ya bodaboda kuwa nyingi. Neno la kumwitia nimebadilisha, sasa nasema "twende", bado haji kila mara, akiona paka nimekwisha.

Ila jana jioni nlikuwa kwenye kigoda napokea simu, nyama zimeshaisha, nikahisi kitu kizito mguuni. Kaja mwenyewe kalala, kidevu kaweka juu ya ndala yangu. Simu niliikata, nikakaa palepale mpaka mbu wakanizidi.

Baba T nikuulize, hiyo "kaa" naweza kuanza wiki hii au nimpe muda zaidi?

Baba T wa Arusha
Anza kesho mkuu. Kabla ya bakuli la asubuhi, akiwa na njaa.