Tupeane uzoefu: kulala kwenye mgongo wa mlima wenye nyasi, mnajipangaje?

Wadau, habari zenu. Wengi tunapanda mlima na kushuka siku hiyo hiyo, lakini kulala juu ni jambo jingine kabisa, hasa kwenye ile migongo ya milima isiyo na mti hata mmoja, nyasi tupu kushoto na kulia. Waliowahi kulala huko naomba waeleze walichokutana nacho. Naanza mimi.

Mipango yangu huanzia mahali pa kulala, kilele baadaye. Nikishajua hema litasimama wapi, napiga hesabu kurudi nyuma hadi saa ya kuondoka. Natumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mpando wa mita 900 ni saa tatu na nusu. Hapo bado hujapumzika, na begi lako lina hema ndani, kwa hiyo mimi naongeza theluthi nzima. Nataka nifike jua likiwa bado lipo, kwa sababu nyasi zinaficha mawe na mashimo. Kabla sijafungua hema najilaza chini kwanza. Mteremko ambao jicho halikuuona, mgongo utaujua.

Kigingi
Mleta uzi, umesahau maji. Mgongo wa mlima hauna maji, yote yameshatelemkia mabondeni. Sisi tunatafuta kwenye ramani kijito cha mwisho kabla ya mpando, tunachemsha na kunywa pale pale hadi tutosheke, kisha tunajaza kila chupa. Mimi nabeba lita nne: za jioni, za kupikia, za asubuhi na za kushukia. Ni kilo nne mgongoni, na sijawahi kuzijutia. Ya kijito chemsheni dakika moja, na mkiwa juu ya mita 2,000 chemsheni tatu, maana huko maji huchemka kabla hayajapata joto lile la chini.

Nyasi Ndefu
Nizungumzie upepo, kwa sababu niliuona kwa macho yangu. Tulipiga hema kwenye bega la mlima, chini kidogo ya mgongo, upande ambao upepo hautokei. Kundi jingine likafika baadaye na kupiga lao kwenye shingo, pale kati ya vilele viwili. Pazuri mno: tambarare, nyasi laini, unaona pande zote mbili. Shida ni kwamba upepo ukifika pale unabanwa na kuongeza kasi. Usiku wa manane nguzo ya hema lao ikavunjika, wakaja kumalizia usiku kwetu, tumebanana, tochi za kichwani zinawaka, hakuna aliyelala tena hadi kunakucha.

Kwa hiyo bega ni bora kuliko shingo. Lakini msishuke hadi kwenye kibonde, hewa ya baridi ni nzito, hutuama humo usiku kucha. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo, mlango uupe mgongo, na kamba zote zifungwe hata kama jioni imetulia. Joto hupungua kama nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ardhi nayo inakunyonya joto, kwa hiyo godoro la povu ni muhimu sawa na mfuko wa kulalia. Tundu za hewa ziacheni wazi. Mkizifunga, pumzi zenu zinageuka maji na kuwadondokea usiku.

Tochi Mbili
Moto msiwashe kabisa, nyasi kavu na upepo havina msamaha. Jiko dogo la gesi juu ya jiwe bapa, nje ya hema. Ndani ya hema jiko linaua kwa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Mshika Ramani
Radi ndiyo inayoniogopesha kuliko vyote. Kwenye nyasi tupu, kitu kirefu kuliko vingine ni wewe. Ukiona mwako, hesabu hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja, na ikiwa hazifiki 30, wakati wa kushuka umefika. Hema halikingi radi. Safari moja tuliliacha limesimama tukashuka hadi mbali kabisa na mgongo, tukasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo tukapanda. Kwa hiyo kwenye ramani weka alama njia za kushukia pande zote mbili kabla hujaondoka nyumbani.

Kigingi
@Mshika Ramani, na ukungu je? Mkishuka haraka hivyo mnaionaje njia?

Mshika Ramani
Mkuu, kwenye nyasi njia za wanyama ni nyingi na zinafanana na ya watu, kwa hiyo kwenye ukungu siziamini. Nafuata alama nilizohifadhi kwenye simu, na dira iko mfukoni. Simu nalala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, baridi inamaliza betri upesi. Nyasi mbichi kwenye mteremko mkali zinateleza vibaya, hapo tunashuka kwa kukatisha ubavu, mmoja mmoja. Na filimbi kila mtu awe nayo shingoni: milio sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Aliyesikia anajibu kwa milio mitatu.