Siti ya safari ndefu: fundi wa hapa Mwanza, mto wa upepo, au ya kuagiza nje?

MuuzaNyavu
Wakuu, salaam. Naendesha pikipiki ya Boxer 150, nauza nyavu na kamba kwenye mialo. Mara mbili kwa mwezi naenda Chato kupitia Sengerema na Geita, na mara moja Musoma, ambako ni kilomita 220 hivi kwenda peke yake.

Njia ya Geita zamani haikunisumbua. Pale Kigongo ilikuwa lazima usubiri kivuko, basi nashuka, nanyoosha miguu, nakula kidogo, na tukifika Busisi mwili umeshapoa. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 navuka kwa dakika chache bila kuzima injini. Daraja nalishukuru sana, lakini ndilo lililonionyesha kwamba siti yangu haifai. Nikipita Sengerema naanza kuungua sehemu mbili chini ya makalio. Nikikaribia Geita, mbele kunakufa ganzi.

Nimeshauriwa mambo mengi: kubadilisha sponji kwa fundi, mto wa upepo wa kufunga juu, jeli, ngozi ya kondoo, na kuna aliyesema niagize siti Marekani. Nataka kusikia kwa waliotumia, siyo waliosikia. Nina miaka 46 na kilo 84, na nyuma huwa nafunga robota la nyavu. Nawasilisha.

BintiWaNansio
Pole sana kaka. Mimi natumia Honda XL 125, natoka Nansio, navuka Rugezi kwenda Kisorya, halafu Bunda hadi Mwanza. Jeli nimeitumia, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Ukiigusa dukani unaipenda. Kwa mtetemo wa injini ya pistoni moja inasaidia kweli, na mapaja hayawashi. Tatizo ni jua. Nimeegesha Lamadi saa saba mchana, nimekunywa chai, nimerudi, siti haikaliki. Jeli inahifadhi joto muda mrefu kuliko sponji. Ukishakaa juu yake unaendelea kupikwa kilomita nyingi. Kama utaiweka, iwe ndani, chini ya sponji nyembamba, na siti uifunike kitenge kila unaposhuka.

Sasa hivi natumia ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Manyoya yanapitisha hewa, jasho halikai. Ila haitengenezi siti mbaya ikawa nzuri, na mvua ya Aprili ikiinyeshea inabeba maji siku nzima. Usikubali kuuziwa ngozi ya mbuzi kwa jina la kondoo. Nywele za mbuzi zinalala, na baada ya wiki umekalia ngozi tupu.

DagaaKirumba
Mkuu, usihangaike. Chukua tyubu ya pikipiki, ikunje, itie upepo kidogo, ifunge chini ya kava. Mimi nimekwenda hivyo hadi Bukoba, zaidi ya kilomita 400, na nikarudi.

BintiWaNansio
Kaka DagaaKirumba, na kwenye kona ilikuwaje? Mimi tyubu ilinipeleka kushoto na kulia kama niko kwenye mtumbwi.

DagaaKirumba
Ni kweli inayumba ukiijaza. Siri ni upepo mdogo. Unakaa, unafungua kidogo, unafungua tena, mpaka unahisi unakaribia kugusa siti ya chini lakini bado hujaigusa.

GS_Buhongwa
Hapo umesema jambo la maana sana, na ndivyo ilivyo hata kwa ile mito ya dukani kama AirHawk. Wengi wanaijaza mpaka inakuwa ngumu kama mpira wa miguu, halafu wanasema haifai. Inatakiwa ikuinue sentimita moja au mbili tu. Vyumba vyake vidogo vinapitishiana upepo, kwa hiyo uzito unasambaa, hakuna sehemu moja inayobeba yote. Faida nyingine ni kwamba unaifungua na kuihamishia pikipiki nyingine. Hasara ni kwamba inakuinua, miguu inapungua kugusa chini, na ukichomwa na mwiba njiani umerudi ulikotoka.

Kuhusu kuagiza nje. Nina pikipiki ya BMW ya zamani na niliwahi kulifuatilia jambo hili kwa miezi. Pale Marekani kuna Corbin wa Hollister, California, anayejulikana kwa siti ngumu za ngozi halisi. Siti yake inaanza kukukubali baada ya kuiendesha sana, na wengi wanakata tamaa kabla hawajafika hapo. Sargent wako Jacksonville, Florida. Seat Concepts wako Idaho, wao wanakuuzia hata sponji na kava ujifungie mwenyewe juu ya siti yako ya zamani. Halafu kuna Russell wenye Day-Long, ile yenye mabawa mapana pande mbili yanayobeba mapaja. Hao wanataka uwatumie siti yako mwenyewe, uzito wako, urefu wako, na picha zako umekaa kwenye pikipiki.

Sasa fikiria: siti itoke Mwanza, ifike California, itengenezwe, irudi, ilipiwe ushuru. Muda huo wote pikipiki ya biashara imesimama bila siti. Zaidi ya hayo, kazi ya wengi wao ni pikipiki kubwa. Kwa Boxer ya kuuzia nyavu, hapana mkuu. Kitu cha kuchukua kwao ni ujuzi: wote wanauza umbo na ugumu uliopimwa. Hakuna hata mmoja anayeuza ulaini.

TabibuViungo
Naomba niongeze upande wa mwili, maana kaka MuuzaNyavu ametaja mambo mawili tofauti na yana sababu tofauti.

Kule kuungua sehemu mbili ni mifupa ya kukalia. Kila mtu anayo miwili chini ya nyonga. Siti ikiwa laini mno, mifupa hiyo inazama mpaka inagonga sehemu ngumu ya chini, na nyama iliyo katikati inabanwa, damu haipiti vizuri. Ndiyo maana siti laini ni tamu kilomita 20 za kwanza na ni mateso baada ya 80.

Ganzi ya mbele ni msamba. Siti nyingi zinateremka kuelekea kwenye tangi, kwa hiyo kila ukishika breki unateleza mbele, na uzito unahama kutoka kwenye mifupa kwenda kwenye mishipa ya fahamu ambayo haikuumbwa kubeba uzito. Dawa yake ni kusawazisha mteremko. Sponji zaidi haitasaidia. Na tafadhali, ganzi ikiendelea saa kadhaa baada ya kushuka, au ukiona shida kwenye haja ndogo, usisubiri siti mpya. Nenda hospitali.

Kupima ni rahisi. Weka kipande cha boksi juu ya kigoda kigumu, kalia dakika mbili huku umeinama kidogo kama unavyoshika usukani. Ukiinuka utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Watu wengi wako kati ya sentimita 10 na 15, na wanawake kwa wastani wana nafasi kubwa zaidi. Hapo ndipo siti yako inapaswa kuwa tambarare na imara.

FundiSiti_Mabatini
Shikamooni wakubwa zangu, wengine habari zenu. Hii kazi naifanya hapa Mabatini miaka 14, nitaandika kirefu kidogo kwa sababu inaniuma kuona watu wanalipa mara tatu kwa siti moja.

Kosa la kwanza ni letu mafundi. Mteja anasema "niwekee laini", tunamchomekea sponji ya godoro juu ya ile iliyokwisha, tunavuta leza ya kufunikia, tunapiga pini, anaondoka anatabasamu. Baada ya miezi miwili imelala kama chapati. Sponji ya godoro ni nyepesi, ina hewa nyingi na kitu kidogo. Na watu wanachanganya mambo mawili: densiti na ugumu. Densiti ni kilo ngapi za sponji katika mita moja ya ujazo, hiyo ndiyo inayokupa uimara wa miaka. Ugumu ni jinsi inavyokusukuma ukiikalia. Unaweza kupata sponji nzito iliyo laini, na nyepesi iliyo ngumu. Unayoitaka ni nzito, yenye ugumu wa wastani.

Mimi chini naweka ile ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa pamoja, yenye rangi mchanganyiko. Ni nzito, haibonyei hovyo. Juu yake naweka sentimita mbili au tatu za sponji nzito ya kawaida. Gundi napaka pembeni tu. Ukipaka katikati, ikikauka inakuwa kama gamba, na gamba hilo ndilo mteja atakalolikalia mpaka Musoma.

Kisha naikata. Kisu kirefu cha mkate, halafu msasa. Nainua mbele ili mteremko wa kwenye tangi ufe. Nyuma, pale yanapokaa makalio, napanua. Mbele, pale mapaja yanapopita, napunguza kona ili mguu ufike chini. Ukipanua kote, mtu mfupi hafiki chini, na kwenye foleni ya Buzuruga ataanguka na mzigo.

Na hapa ndipo ninapogombana na wateja: nakataa kushona kava siku hiyo hiyo. Nafunga sponji kwa nailoni na kamba ya mpira, namwambia nenda Magu na urudi. Akirudi ananionyesha panapouma, nasaga tena. Mara mbili, mara tatu. Kava likishashonwa, kila marekebisho ni pesa mpya.

Mshono wa kava usipite katikati unapokaa. Uwe pembeni. Matundu ya sindano yanaingiza maji, na sponji ikinywa maji haikauki wiki nzima. Weka nailoni kati ya sponji na leza.

GS_Buhongwa
Fundi, nakuunga mkono kwa yote ila nina swali. Je, unamwekea ngazi nyuma, ile inayoinuka kushika kiuno? Mimi nikiwa nayo mgongo unapumzika sana.

FundiSiti_Mabatini
Kwa siti yako bosi, sawa. Kwa huyu mwenye robota la nyavu, siwezi kumshauri. Ngazi inakufunga mahali pamoja. Kwenye Boxer uzuri uliopo ni ule urefu wa siti, unasogea nyuma nusu saa, unarudi mbele nusu saa. Afadhali robota lifungwe sentimita kumi nyuma zaidi apate nafasi ya kusogea.

GS_Buhongwa
Bado naamini ngazi ndogo ya sentimita tatu haimzuii mtu. Lakini wewe ndiye unayeziona siti nyingi.

BintiWaNansio
Kaka, na suruali pia iangalie. Ule mshono mnene wa jinzi unakalia papo hapo kwenye mifupa. Mimi nilibadilisha suruali kabla ya siti, na nusu ya maumivu ikaondoka.

TabibuViungo
Kweli kabisa dada. Na siti yoyote ile, inuka usimame kwenye vikanyagio kila baada ya dakika 20 hivi, sekunde chache tu, barabara ikiwa nyoofu na tupu. Damu inarudi.

MuuzaNyavu
Wakuu, narudi na taarifa baada ya wiki tatu. Sikuagiza kitu. Boksi lilinipa sentimita 12. Nilimpata fundi Igoma, nikamsomea maelezo ya FundiSiti neno kwa neno. Mwanzoni alikataa kuniachia siti bila kava, nikamwongezea elfu kumi akakubali. Jumla nimetumia 65,000.

Safari ya kwanza nilikwenda Magu na kurudi. Mbele palikuwa pameinuka kupita kiasi, akapunguza. Safari ya pili niliifanya jana, Musoma moja kwa moja, nikasimama Lamadi na Bunda tu. Ganzi haikuja kabisa. Kuungua kulianza nilipokaribia Musoma, upande wa kulia peke yake. Wa kushoto hausemi kitu. Siti iko na nailoni yake mpaka sasa, kava bado. FundiSiti, nini kinafanya upande mmoja tu uume?

FundiSiti_Mabatini
Usishone kwanza. Angalia robota: kama unalifunga likivuta upande mmoja, na wewe unakaa upande huo kulisawazisha. Pia kama pochi unaiweka mfuko wa nyuma kulia, itoe. Ukimaliza hayo mawili na bado panauma, niletee siti Mabatini nikusagie upande huo milimita tano. Kusaga peke yake sitakutoza.

MuuzaNyavu
Pochi iko mfuko wa nyuma kulia. Alhamisi naenda Chato, naiweka kwenye koti.