Naomba ushauri: mimba ya wiki 5, tumbo linavuta

Habari zenu wapendwa. Kipimo cha mkojo kimeonyesha mistari miwili, nikarudia siku ya pili, ikatoka vilevile. Nesi kaniambia mimba ina wiki 5, wakati mimi najua haizidi wiki 3 tangu itungwe. Kumbe wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho!

Matiti yanauma hata yakiguswa na shuka, usingizi saa zote, chooni kila mara. Hayo navumilia. Kinachoninyima raha ni tumbo la chini, linavuta kama hedhi inataka kuanza, na juzi niliona tone la damu ya kahawia, likaisha siku hiyohiyo. Nesi anasema hali hiyo huwapata wengi, ila nikiona damu nyingi, maumivu makali ya upande mmoja au ya bega, au nikihisi kuzimia, nikimbie hospitali bila kungoja, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Tangu aseme hivyo, kila kitu kikinichoma ubavuni nashtuka.

Halafu kichefuchefu sina kabisa. Wenzangu kiliwaanza lini? Au kuna ambao hakikuja kabisa na mtoto akawa mzima?

Foliki asidi nimeanza, mikrogramu 400 kwa siku. Altrasaundi nimeambiwa nisubiri wiki ya 7, ndipo mapigo ya moyo yaonekane vizuri. Hizo wiki 2 za kusubiri nyie mlizipitishaje? Anayejua ni mume wangu tu, na hofu yake imezidi yangu.