Mnatuita kuokota chupa ufukweni na mtaro wa vyoo mmeuacha unamwaga baharini, TUMECHOKA

Wakuu habari za muda huu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Jumamosi nimetoka tena kwenye siku ya usafi wa ufukwe. Tumegawiwa glavu, viroba na tisheti, viongozi wakaja wakapiga picha wakaondoka hata jua halijakolea, na hatua kama hamsini tu kutoka pale tulipoinama kuna mdomo wa mtaro unatoa maji meusi yananuka choo, yanaingia baharini hivihivi na watoto wanaogelea pembeni. Hakuna aliyeusogelea. Nikamfuata mmoja wa waliokuja na magari nikamuuliza, akanijibu ule ni mtaro wa maji ya mvua. Mvua gani jamani, jua linawaka wiki ya tatu hii?

Na hapo ndo panaponichoma. Mtaro wa mvua haupiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha, umechimbwa upeleke maji baharini kama yalivyo. Kwahiyo mwenye gorofa akichomeka bomba la choo humo usiku, mwenye karakana akamwaga oili chafu humo, mzigo wote unafika kwenye maji tunayovua samaki. Mvua ikishuka sasa ndo watu wanatapisha vyoo kabisa maana wanajua maji yataficha, na kesho yake asubuhi bahari imebadilika rangi halafu watu wanaoga tu, hawajaambiwa kitu. Baada ya mvua kubwa mtu anatakiwa akae siku mbili tatu bila kuingia maji ya pwani ya mjini, nani ametutangazia hilo?

Maji kuwa na rangi nzuri sio usalama. Marekani kwa mfano wanapima bakteria wanaoitwa enterokoki, wale wanaoonyesha kuna kinyesi, na wastani wa maji ya bahari ya kuogelea hautakiwi uzidi 35 kwenye mililita 100. Sisi tuwekeeni bango tu, mmepima lini na mmepata ngapi. Mtoto akiharisha au akitoka upele mama anaambiwa amemlisha uchafu, kumbe uchafu kauogelea.

Samaki nao. Majitaka yamejaa naitrojeni na fosforasi, ni mbolea ile, mwani unalipuka, ukifa unaoza na kuoza kwake kunamaliza oksijeni kwenye maji, samaki wanakufa au wanahama, mvuvi anatakiwa aende mbali zaidi na mafuta anunue yeye. Wengi wao wanakulia kwenye mizizi ya mikoko wakiwa wadogo, na mikoko ndo hiyo mnaifukia kifusi mjenge, halafu mawimbi yakila ufukwe mnashangaa, ilhali ndo ilikuwa inayavunja nguvu.

Sisemi plastiki si tatizo, ni tatizo kubwa, jua linaikatakata mpaka inakuwa vipande visivyoonekana na hapo hakuna kiroba kitakachoiokota, hata kichungi cha sigara ni plastiki ile. Lakini chupa nayo imekuja na mtaro huohuo! Wekeni nyavu kwenye midomo ya mitaro, zoeni taka mitaani kwa wakati, mtaona ufukweni zitabaki ngapi.

Haya mambo yanawezekana. Mwaka 1982 mji wa Quincy kule Marekani ulikwenda mahakamani kwa sababu ya majitaka yaliyokuwa yanamwagwa Bandari ya Boston, kesi zikaendelea, ukajengwa mtambo mkubwa Deer Island, na mwaka 2000 likafunguliwa handaki la kama kilomita 15 la kutoa maji yaliyokwisha safishwa mbali na fukwe. Bandari ile haikupona kwa viroba.

Tunachotaka ni kitu kimoja. Fuateni ule mtaro kutoka mdomoni kurudi juu, mfuniko kwa mfuniko, kila bomba la choo lililochomekwa humo lizibwe na mwenye nalo alipie kusafisha. Wapo mafundi wa kufanya hiyo kazi, na rangi za kumwaga chooni uone zinatokea wapi zipo, hazihitaji mkutano wala semina.

Mkitangaza usafi tena nitakuja, ila kiroba sishiki. Nitasimama pale kwenye mdomo wa mtaro mpaka kiongozi aje asimame na mimi anuse. Anayeweza aje tusimame wengi, maji yakiwa yamekupwa ndo unaonekana vizuri.