Matuta ya kukadiria kwa macho yanatumalizia bampa, nani anawajibika?

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Nani aliwaambia hawa wajenzi wa matuta mitaani kwamba tuta ni zege lolote linalomwagwa jioni, bila rangi wala kibao, asubuhi watu walikute limeshaganda?

Bampa la Toyota 86 yangu, kale kagari ka michezo ka chini, limeng'oka kushoto. Masikio yanayoshika kwenye fenda yamekatika, kwa sasa nimelifunga kwa waya. Chini limekwanguka mpaka plastiki nyeusi inaonekana, na chembe za mchanga zimenasa humo. Spidi ilikuwa ya kutambaa!

Na msianze na "ulinunua gari la chini la nini". Sijakata springi ili kulishusha. Hii gari imetoka kiwandani Japani ikiwa juu ya ardhi sentimita 13, na sheria ya kwao inataka angalau 9. Gari halina kosa.

Kosa ni tuta. Vipimo vipo tangu miaka ya 1970, Waingereza walishafanya majaribio: mgongo wa duara, kimo sentimita 10, urefu wa kulivuka mita 3.7. La namna hiyo linapunguza mwendo na gari la chini linapita, kwa sababu tairi linapanda polepole na kuinua pua. La kwetu limesimama wima kama ukingo wa mtaro. Bampa liko mbele ya tairi, kwa hiyo linagonga zege kabla tairi halijaanza kupanda. Hapo dereva afanyeje? Kulipanda kwa mshazari na kuachia breki mapema ili pua isiiname kunasaidia, lakini njia yenyewe nyembamba, bodaboda wamejaa pande zote mbili.

Halafu wauza vifaa nao wanatukamua. Wanakupigia debe kile kipande cha faiba cha kufunga chini ya bampa, eti kinga. Faiba haipindi! Ikigonga inapasuka, na skrubu zake zinachana bampa lenyewe. Afadhali cha mpira mgumu unaonyumbuka, kikigonga kinarudi. Na ile filamu ya kubandika juu ya rangi ni ya vijiwe vinavyorushwa na malori, haizuii zege hata kidogo. Wanajua, lakini wanauza tu.

Wala si sisi wenye magari ya chini peke yetu. Usiku bodaboda halioni tuta lisilo na rangi, na mgonjwa aliyevunjika mguu analivuka hilo hilo akipelekwa hospitali.

Nimeuliza ofisi moja, wakasema wamejenga wananchi. Wananchi wanasema wamejenga wakubwa. Nataka lichongwe upya kwa kipimo, lipigwe rangi, kiwekwe kibao. Kama kuna mtu humu aliwahi kufanikisha hilo mtaani kwake, aniambie alianzia mlango gani na barua aliiandikaje. Wiki hii hii naipeleka.