Rangi na uhalifu Dar ya Mwingereza: sauti za waliokamatwa zipo wapi?

Mwanatasnifu: Wakuu, naandika tasnifu ya uzamili. Nina ripoti za mwaka za polisi na magereza tu, na Waafrika wamejaa kila jedwali. Nataka upande wa waliokuwa wakikamatwa. Nianzie wapi?

Mpekua Mafaili: Anza kwa kuyapasua hayo majedwali, mkuu. Kodi ya kibanda na kichwa ya 1922 ilimhusu Mwafrika tu, kwa hiyo Mzungu hawezi kuonekana kwenye safu hiyo. Marufuku ya pombe kali hali kadhalika. Sheria ya 1944 nayo ikaruhusu Waafrika "wasiotakiwa" waondolewe mjini. Makosa yaliyotungwa kwa rangi moja yaweke kando. Yanayobaki, kama wizi, gawanya kwa idadi ya watu wa kila rangi kwenye sensa ya 1948 au 1957. Ukiruka hapo, utakuwa umenakili hoja ya mkoloni kwamba Waafrika ndio wahalifu.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, na barua ya idara inayotaja miaka na mada. Usiulizie "uhalifu". Mafaili yana majina ya watawala: tafuta "vagrancy" (uzururaji), "repatriation" (kurudishwa kwao), "undesirable natives" (wenyeji wasiotakiwa). Barua ya malalamiko ya Kiswahili ikiwa imebanwa pamoja na tafsiri yake, nakili zote mbili. "Mhuni" aliyekuwa kijana asiye na kazi akigeuzwa "criminal" kwenye tafsiri, hapo una ukurasa mzima wa uchambuzi. Piga picha jalada lenye namba kwanza, ndipo kurasa. Bila namba ya faili nukuu haitumiki.

Bibi Gazeti: Ongeza gazeti la Kwetu la Erica Fiah, lililoanza 1937. Ila soma kwa tahadhari: wenye kalamu walikuwa makarani na wenye maduka, na wapo waliotaka wahuni wafukuzwe. Mwafrika wa ofisini si sauti ya mchukuzi wa Kariakoo.

Mwanatasnifu: Na wazee?

Mpekua Mafaili: Hao wawahi, dada. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1957 alizaliwa 1942. Usimuulize "uliwahi kukamatwa?", atakana, na wajukuu wanasikiliza. Muulize njia: usiku alivuka Mnazi Mmoja kwenda Uhindini kwa shughuli gani, nani alimsimamisha, alitakiwa kuonyesha karatasi gani. Mpe msimbo badala ya jina, mfano K3, na orodha ya majina itunze mbali na rekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana, na kosa la mtu ni jambo la aibu hata baada ya miaka 70.